Kibao Kisicho na Kosa

Kuna hitilafu ambayo ukimweleza mtu asiyejua vyombo, atakuambia papo hapo kwamba hapo pana mkono wa mtu. Kinanda kinalia vizuri, mara noti moja inakufa. Unakirudia kibao kilekile, kinalia. Unakirudia tena, kinalia. Unaendelea na wimbo, kinakufa kibao kingine kabisa, mbali na kile cha kwanza, na hicho nacho ukikirudia kinalia kana kwamba hakijafanya lolote. Mpigaji huanza kuviogopa vibao. Anaona vipo vinavyomtaka na vipo visivyomtaka, tena vinapeana zamu ili kumchanganya.

Kwaya moja ya Kilutheri kutoka upande wa Iguguno iliniletea kinanda cha namna hiyo kibandani kwangu Majengo, mjini Singida, kimefungwa kanga mbili na kamba ya katani juu ya Noah. Mimi ni fundi redio. Siku hizi kazi yangu kubwa ni ving'amuzi na amplifaya za misikiti na makanisa, lakini watu bado wananiita fundi redio na mwenyewe najiita hivyo, maana nilijifunzia kwenye redio za Philips zilizokuwa zikiunganishwa Arusha. Misikitini naingia kama muumini, makanisani naingia na mita na waya wa risasi. Kwa mji wetu hilo si jambo la kushangaza mtu.

Hakikuwa kinanda cha kawaida cha kwaya. Makwaya mengi sasa yana vinanda vyenye midundo iliyokwisha kurekodiwa ndani; unabonyeza kitufe, ngoma inajipiga. Hiki kilikuwa Roland Juno-106 ya Japani, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1984, na kiliachwa na mgeni mmoja wa kanisa aliyerudi kwao Ulaya zamani. Hakina mdundo hata mmoja. Sauti yake inatengenezwa palepale kwa umeme: wimbi linazaliwa, linapita kwenye chujio linalopunguza ukali, halafu linapita kwenye mlango unaoamua lisikike kwa nguvu gani na lizime vipi. Nilimwambia mwalimu wa kwaya kwamba huko Ulaya na Marekani vijana wanakitafuta kinanda hiki kwa bei inayozidi pikipiki mpya. Alinitazama kama mtu anayetaniwa msibani.

Siri ya ugonjwa wake ni hii. Kina vibao 61, lakini ndani kina sauti 6 tu. Kibao hakina sauti yake. Ukikibonyeza, kompyuta ndogo iliyo ndani inaangalia ni sauti ipi ina zamu na kuipa kazi hiyo. Ukibonyeza tena, hata kama ni kibao kilekile, kazi inakwenda kwa sauti inayofuata, mpaka ya sita, kisha duru inaanza upya. Sasa tuseme sauti ya nne imekufa. Mpiga kinanda wa kwaya anabonyeza noti nne kwa pamoja: soprano, alto, tena na bezi. Mara ya kwanza zinafanya kazi sauti ya kwanza hadi ya nne, na noti moja inakosekana. Mara ya pili zinafanya kazi ya tano, ya sita, ya kwanza na ya pili. Zote zinalia, kanisa linashusha pumzi. Mara ya tatu duru imefika kwa sauti ya tatu, na kimya kinaangukia noti nyingine. Ukiwa nje huoni mpangilio wowote. Ukiwa ndani, ni mpangilio mtupu.

Lakini mwalimu hakusema kimeharibika. Alisema, "Mzee, hiki kinanda kimeingiliwa."

Nikamwuliza kimeingiliwa na nini, maji au mende. Hakucheka, nami nikaona aibu kabla hata sijajua kwa nini. Binti yake wa miaka minne alikuwa amefariki mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea. Kinanda kilipigwa kwenye ibada ya mazishi. Jumapili iliyofuata kikaanza kuruka noti. Kanisani pakawa na makundi mawili, na yote mawili, kwa alivyonieleza, yaliongea kwa upole na huruma. Kundi moja lilimkumbuka mama fulani aliyeondoka kwenye kwaya kwa ugomvi wa sare. Kundi la pili lilisema Mungu ana kitu anataka kuwafundisha, na kwamba mtoto na kinanda ni ujumbe mmoja.

Kwa hiyo nilichowekewa mezani siku ile hakikuwa kinanda peke yake. Lilikuwa swali: kwa nini huyu na si yule? Nimelitafakari swali hilo tangu wakati ule, mara nyingi nikiwa nimeinamia bodi za watu, na haya ndiyo ninayoyaona.

Swali lenyewe si la ujinga. Yuko Mwingereza aliyeishi na Wazande, watu walioenea kati ya Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, jina lake Evans-Pritchard, na kitabu chake kilitoka mwaka 1937. Alieleza habari ya ghala la nafaka linalowaangukia watu waliokaa chini yake kupumzika. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Hawahitaji mgeni kuwafundisha mambo ya mchwa. Wanajua pia kwamba watu walikaa pale kwa sababu ya kivuli. Wanachouliza ni kwa nini ghala limeanguka saa hiyohiyo walipokuwa pale watu haohao. Mchwa hawajibu hilo. Uchawi unajibu. Msomi wa fizikia akija atasema mambo mawili yamekutana tu, yaani kwa hapo naye hana la kusema. Mimi sioni kwamba amemshinda Mzande. Wamefika wote kwenye ukuta mmoja. Mmoja amesimama, mwingine ameuchorea mlango.

Na hapa kwetu Singida simcheki anayeuliza "nani," kwa sababu kuna wakati swali hilo ndilo lilikuwa sahihi. Wazee wetu walitusimulia habari za simba-watu. Miaka ya 1940, katika nchi ya Wanyaturu, watu walikuwa wakiuawa na maiti zao kukutwa na alama za makucha. Ikadhaniwa ni simba. Baadaye ikabainika kwamba nyuma ya makucha walikuwamo binadamu. Serikali ya kikoloni ikawakamata watu, ikawashitaki, wengine wakanyongwa. Marehemu baba alikuwa akisema kwamba hofu ya simba ilikuwa nyepesi kuliko hofu iliyokuja baada ya kujulikana si simba. Simba unamfungia mlango. Sasa utamfungia nani? Jirani? Shemeji? Kila mwenye deni lisilolipwa alianza kutazamwa usoni. Walikuwapo wakosaji wa kweli, na hilo ndilo lililoharibu akili za watu kwa muda mrefu, maana watu walijifunza kwamba chini ya kila ajali ukichimba sana utakuta mtu.

Mafunzo hayo hayajafutika. Sheria ya Uchawi tunayoitumia mpaka leo ilianza kama amri ya Mwingereza mwaka 1928, na kabla yake na baada yake vikongwe wameendelea kuuawa, Shinyanga, Mwanza, Tabora na huku kwetu pia, kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho yale yamefanywa mekundu na moshi. Mtu aliyepika kwa kuni, na kwa kinyesi cha ng'ombe pale kuni zilipokosekana, miaka hamsini ndani ya tembe isiyo na dirisha, atakuwa na macho ya rangi gani? Mtoto anakufa nyumba ya tatu, na bibi mwenye macho mekundu anaulizwa. Bibi huyo ni kibao. Kimya kimetokea kwake, au karibu naye, basi yeye ndiye anayepigwa.

Nilimfungulia mwalimu mfuniko akiwa amekaa hapohapo, maana fundi anayemfukuza mwenye mali wakati wa kufungua ana jambo lake. Kinanda hiki walikitengeneza watu waliojua kwamba siku moja kitaugua. Ukishikilia kitufe cha kuhamisha kii huku unakiwasha, kinaingia kwenye hali ya majaribio: kila ukibonyeza kibao, kioo kidogo kinaandika namba ya sauti iliyopewa kazi. Nikamwambia abonyeze yeye. Abonyeze kibao kimoja tu, cha katikati, tena na tena. Moja, ikalia. Mbili. Tatu. Nne: kimya, na nyuma ya kimya mkwaruzo kama wa karatasi. Tano. Sita. Moja.

Alirudia muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Kisha akahamia kibao cha mwisho kabisa upande wa bezi. Kioo kikaandika nne, kimya. Akahamia juu kabisa. Nne, kimya. Nilimwona anahesabu kwa midomo.

"Kumbe vibao vyote ni vizima," akasema.

"Vyote."

"Na yule mama wa sare?"

Sikujibu. Nikachukua kalamu, nikamwonyesha chipu sita zilizopangwa, kila moja ikibeba chujio na mlango wa sauti moja. Kwenye mchoro wa saketi zinaitwa 80017A. Ni vibao vidogo vya kauri vilivyopandwa vipande vidogo sana vya umeme, kisha vikapakwa utomvu mweusi mgumu mpaka huoni kitu ndani. Hizi ndizo zinazojulikana na kila anayekishughulikia kinanda hiki duniani. Baada ya miongo kadhaa, ule utomvu unabadilika tabia. Unaanza kupitisha umeme kidogo pale ambapo haupaswi kupita, sauti inakoroma, inang'ang'ania baada ya kidole kuinuliwa, mwisho inakufa. Ili kuwa na hakika niling'oa chipu ya nne na ya tano, nikazibadilisha nafasi. Kimya kikahamia sauti ya tano. Hapo hapakuwa na ubishi tena, na kama kuna furaha katika kazi yetu ni hiyo: tatizo linapokufuata pale ulipolipeleka.

Mwalimu akaishika ile chipu mbovu kwenye kiganja. "Huu weusi ni wa nini?"

"Ni kinga. Dhidi ya unyevu, vumbi, mtikisiko."

"Na ndio ulioiua."

"Ndio."

Akakaa kimya. Kisha akanieleza yale ambayo hakuwa ameyasema mwanzo. Binti alipandwa na homa usiku. Alfajiri akapata degedege, macho yakageuka. Mama yake mwalimu, bibi wa mtoto, alikuwa nyumbani, akakataa asipelekwe hospitali. Alisema degedege ni ya mganga, mtoto akichomwa sindano katika hali ile anakufa. Imani hiyo nimeisikia tangu utoto, na si huku kwetu pekee. Ipo Pwani, ipo Tanga, ipo kila mahali ambapo malaria imewahi kumpindua mtoto mbele ya wazazi wake. Ina sababu yake: watoto wengi walifika zahanati wakiwa wamechelewa, wakachomwa sindano, wakafa, na macho ya watu yaliona sindano na kifo vikifuatana. Bibi alifukiza majani, akamfunika mtoto, akamshika kifuani mwake hadi jua lilipokuwa juu. Walipofika hospitali, daktari alifanya alichoweza.

"Kwa hiyo ni mama yangu," mwalimu akasema.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kusema lile moja nililo nalo. Mimi nilikuwa nimemvua mtu mmoja lawama, yule mama wa sare, kwa kuonyesha njia ya umeme. Nilidhani nimefanya kazi njema. Kumbe njia ile ile, ukiifuata kwa roho ileile ya kutafuta mkosaji, inakupeleka kwa mkosaji mwingine, na huyu yuko ndani ya nyumba. Kuacha uchawi na kushika sababu za kitabibu hakumfanyi mtu kuwa mwema. Anaweza kuwa mkali kuliko kwanza, kwa kuwa sasa ana ushahidi. Nimeona wasomi wa mji huu wakiwashitaki wazazi wao kwa maneno ya hospitali, kwa ukatili uleule ambao babu zao waliwashitakia majirani kwa maneno ya mganga.

Kujua jambo lilipitia wapi ni kazi moja. Kujua nani ana hatia ni kazi nyingine, na ya pili haifanyiki kwa mita. Utomvu ule ni sababu. Hakuna fundi wa kweli atakayeuita mkosaji, wala atakayewalaani walioupaka. Waliupaka miaka ya 1980 wakijua walichokijua. Ungekuwa haupo, huenda chipu ingekufa na unyevu miaka kumi tu baadaye na mwalimu asingekirithi kinanda. Sikumwambia mwalimu maneno haya yote. Nilisema tu, "Hii nayo waliipaka ili idumu," na nadhani alisikia.

Lakini yeye si mtu wa kuridhishwa na fundi. Ni mwinjilisti aliyesoma. Akanikumbusha habari mbili za kwenye Injili ambazo mimi Mwislamu nazijua kwa kukaa na Wakristo. Ya kwanza ni ya yule kipofu tangu kuzaliwa, katika Yohana sura ya 9, ambaye wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu anawajibu kwamba si huyu wala si wale. Ya pili iko katika Luka sura ya 13: mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18, na Yesu anakana kwamba walikuwa waovu kuliko wengine wa Yerusalemu. Ni ghala la Wazande hilo, mtu anaweza kusema, na mbele ya ghala hilo Yesu anakataa kumtaja mtu. "Haya nayahubiri kila mwaka," mwalimu akasema. "Na bado niliruhusu wamtaje yule mama."

Mimi kwa upande wangu nikamletea habari ya Nabii Musa na yule mja mwema ambaye wanazuoni wetu wamezoea kumwita Khidhr. Iko katika Suratul Kahf, sura ambayo wengi wetu tunaisoma kila Ijumaa. Musa anaomba kumfuata ili ajifunze. Khidhr anatoboa jahazi la maskini, anamuua kijana, anausimamisha ukuta wa watu waliowanyima chakula, na kila mara Musa anashindwa kuvumilia. Mwisho anaelezwa: kulikuwa na mfalme mbele anayenyang'anya kila jahazi zima, kijana angewatia wazazi wake katika uasi, chini ya ukuta kulikuwa na hazina ya mayatima. Kila kilichoonekana uharibifu kilikuwa na mpango ndani yake. Ni kinanda changu kabisa: nje fujo, ndani duru.

Habari hiyo hutajwa sana misibani kwetu, na nadhani tunaitumia vibaya. Mtu anakaa kwenye jamvi, anamgeukia baba aliyefiwa, anamwambia, "Kuna heri yake, hujui tu." Maneno hayo aliyasema Khidhr, naye alikuwa amepewa elimu kutoka kwa Mola wake. Wewe uliyekaa kwenye jamvi umepewa? Katika kisa kile sisi ni Musa, na Musa, pamoja na utume wake na kuzungumza kwake na Mola wake, alipoona jahazi linatobolewa alipiga kelele. Haikuandikwa kwamba Mungu alimkasirikia kwa kelele ile. Aliyeachwa na kisa ni mtu ambaye alishindwa kunyamaza mbele ya mtoto aliyeuawa, naye ni miongoni mwa Mitume wakubwa. Kwa hiyo anayemwekea mfiwa sababu ya Mungu, na anayemwekea jina la mchawi, wote wawili wamekosa subira ileile. Wameona nafasi tupu wakaona vibaya kuiacha tupu. Wa kwanza tunamwona mcha Mungu, na kusema kweli mara nyingine ananiudhi kuliko wa pili.

Mwalimu akasema jambo ambalo bado linanisumbua. "Wewe, Mzee, una mchoro. Uliangalia karatasi ukajua sauti ya nne iko wapi. Mtoto wangu hakuwa na mchoro."

Ni kweli, na hapo mfano wangu unakatika. Mimi kinanda nakifungua kwa sababu kuna watu waliokaa Japani wakachora kila waya, na mchoro wao umenifikia. Njia ya mtoto wake tunaweza kuifuata hatua kadhaa: mbu, vimelea, homa, ubongo, bibi, saa zilizopotea. Kila hatua daktari ataieleza, na kila hatua ina la kufanya kwa mtoto mwingine: chandarua, kipimo cha damu mapema, sindano ya artesunate kabla jua halijawa juu, na mtu wa kuzungumza na mabibi kwa heshima ili siku ya homa wasizuie. Huko ndiko swali la "ilipitia wapi" linakozaa matunda, na ningependa makanisa na misikiti yetu iulize hilo kwa sauti kubwa kuliko inavyouliza "nani." Ila mwisho wa hatua zote yuko mtoto mmoja mwenye jina, na watoto wengine wa mtaa uleule walioumwa na mbu walewale wakapona. Hapo sina kioo kinachoandika namba. Wanazuoni wetu wana neno kadari, na kuiamini ni nguzo ya imani; naiamini. Kuiamini ni kusema kwamba mpangilio upo kwa anayejua. Haikunipa mimi ruhusa ya kuusoma.

Tuliendelea na kazi. Kuna dawa ya zamani ya chipu hizi: unailoweka kwenye asetoni usiku na mchana mpaka utomvu unalainika, unaukwangua taratibu kwa kijiti, na mara nyingine chipu inafufuka ikiwa uchi. Asetoni safi nilihangaika kuipata. Ile ya kutolea rangi ya kucha inayouzwa madukani imechanganywa maji na mafuta ya kunukia. Nilikwenda kwenye saluni moja karibu na stendi wanakobandika kucha za bandia, dada pale akanipimia nusu chupa huku akiniuliza mzee wa kanzu anataka kucha za nani. Nilimwambia za mgonjwa.

Utomvu ulitoka. Chipu haikufufuka. Tulisubiri mbadala, maana kuna watu nje ya nchi wanaotengeneza chipu mpya zinazofanya kazi ya zile za zamani, na mpwa wangu aliyeko Kariakoo aliziagiza pamoja na mizigo yake. Ilipofika niliilehemu, kisha nikakaa na zile skrubu ndogo za kurekebisha, nikiisikiliza sauti ya nne kati ya ya tatu na ya tano, nikipunguza, nikiongeza, mpaka zikaingiana. Hazijalingana kabisa. Sikio likiwa zuri utaijua ile ngeni. Inafunguka upesi kidogo kuliko wenzake.

Kwaya ilikuja watu wanane kukichukua, wakakijaribu palepale barabarani kwa waya niliowatolea dirishani, na bodaboda wote wa kijiwe wakasimama. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kama wanaweza kukiombea na kukipaka mafuta kabla hakijarudi madhabahuni. Nilisema hakuna ubaya, ila mafuta yasiingie kwenye vibao. Wakapaka mbao za pembeni? Hakina mbao; wakapaka bati. Yule mama wa sare alikuwepo. Sikuambiwa ndiye, lakini nilimjua kwa jinsi wengine walivyokuwa wakimpisha sana, na kwa jinsi mwalimu alivyompa yeye ule upande mzito wa kinanda ambao yeye mwenyewe alikuwa ameushika, wakakiinua pamoja.

Bibi wa mtoto hakuja. Mwalimu aliniambia wanaishi bado nyumba moja na kwamba hawajalizungumza, ila sasa anakula chakula alichopika. Wakati wa kuagana alinilipa sehemu ya fedha, lita tano za mafuta ya alizeti na jogoo, akaahidi kumalizia baada ya mavuno. Akaniuliza tena, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, kama nimefikiria lile la mchoro. Nikasema bado nafikiria. Yeye bado namdai elfu arobaini, na mimi ananidai hilo, na kila akipita mjini tunakumbushana madeni yote mawili.